Mume wa Bhoke Alikuja na Mkokoteni

Siku ya kuniaga, idara ilinizawadia kochi. Kochi zuri la kitambaa cha zambarau, ambalo ukilikalia unazama mpaka magoti yanakaribia masikio. Wenzangu walipiga makofi. Hawa ni watu ambao kila asubuhi wanawaambia wagonjwa wakalie kiti kigumu, nyayo ziguse sakafu na kiuno kipate egemeo. Nilishukuru, nikalipeleka nyumbani Nyegina, na sasa hivi linatumiwa na paka. Haya nayaandika nikiwa kwenye kiti cha mbao cha jikoni.

Mnaobaki kazini mliniomba niandike nilivyofika nilipofika. Kuhusu vyeo sina habari ya maana: nilipandishwa kama watu wote, kwa kuchelewa. Mshahara uliingia na ukatoka. Nitawaandikia kuhusu migongo na nyonga za wajawazito, kwa sababu ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonionyesha vizuri jinsi ofisi zetu zinavyofikiri.

Nilianza Musoma, chini ya Mzee Magesa, mtu mfupi mwenye mikono kama ya fundi seremala. Chumba chetu cha fiziotherapia kilikuwa nyuma ya stoo, na dirisha lake lilitazama geti. Nilidhani tumetupwa huko kwa dharau. Kumbe mzee alikichagua mwenyewe. Siku yangu ya kwanza nilivaa koti lililopigwa pasi, nikanawa mikono, nikasimama kando ya kitanda. Yeye alikuwa dirishani na kikombe cha chai.

"Unasubiri nini hapo?" akaniuliza.

"Mgonjwa, mzee."

"Mgonjwa ameshafika. Yuko getini anabishana na mlinzi. Njoo umwone."

Tulimtazama mama mjamzito akivuka uwanja. Hatua zake zilikuwa fupi, magoti hayaachani. Alipofika kwenye ngazi akashika ukuta, akageuka, akapanda kiubavu.

"Anaumwa nini?" Mzee Magesa akauliza.

"Mgongo."

"Mgongo atakutajia yeye, kwa sababu ndilo neno analolijua. Mtu wa mgongo anapanda ngazi huku analalamika. Huyu anaogopa mguu mmoja ubaki peke yake. Hiyo ni nyonga."

Alikuwa sahihi, ingawa nilimtafutia makosa kwa wiki nzima. Nyonga ina viungo viwili nyuma na kimoja mbele, kwenye kinena. Mimba huvilegeza ili mtoto apate njia. Kwa wengine vinalegea mapema na kwa fujo, na mama akisimama kwa mguu mmoja kuvaa nguo, au akigeuka kitandani, au akitanua miguu kuvuka mtaro, anasikia kama anachanwa. Wakati huo jibu la hospitali lilikuwa moja: ni kawaida ya mimba, vumilia. Jibu hilo lilikuwa na faida kubwa, kwamba halikuhitaji chumba wala kifaa.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuokoteza. Mipira ya kuvuta tulikata kutoka kwenye tyubu za mafundi pancha. Mizigo ya mazoezi ilikuwa mchanga wa ziwani kwenye mifuko ya unga. Mkanda wa nyonga ulikuwa kanga iliyokunjwa mara nyingi na kufungwa chini ya tumbo, kuzunguka mifupa ya pembeni, si kiunoni. Andikeni hilo ukutani: si kiunoni. Nimewaona wataalamu wenye vyeti wakimfunga mama kiunoni kama gunia la dagaa.

Baadaye tukapata msaada wa kitanda cha umeme. Kilizinduliwa kwa hotuba. Mgeni rasmi akabonyeza kitufe, kitanda kikapanda hadi usawa wa kifua chake, watu wakashangilia, na hakikushuka tena. Mtu anayejua kukitengeneza alikuwa nchi nyingine. Mama mwenye nyonga mbovu alitakiwa apande stuli ili afike kwenye kitanda cha kumtibu nyonga. Tulijaribu kwa muda, kisha kitanda kikahamishiwa ukumbini, ambako kilifanya kazi nzuri ya kubeba chupa za chai wakati wa vikao. Kwenye taarifa kiliendelea kuitwa kifaa tiba.

Ostiopathi niliisikia kwanza Bunda, kwenye semina. Mwalimu alikuwa mgeni, Mama Birgit, mwanamke mkimya aliyejifunza Kiswahili kanisani na kukizungumza kama anasoma zaburi. Kazi yake ilikuwa ya mikono tu: kushika, kukandamiza taratibu, kumwomba mgonjwa asukume kidogo huku wewe unazuia, halafu wote mnaachia. Washiriki tulisikitika. Tulikuwa tumekuja kusikia mfupa ukilia.

"Ukisikia sauti, umeharakisha," alituambia.

Hakutuahidi miujiza. Alisema wazi kwamba wapo watakaopata nafuu kubwa, wapo watakaopata ndogo, na hakuna atakayepata nafuu ya kudumu kama nyumbani hana mtu wa kumsaidia. Na alitufundisha kuuliza kabla ya kugusa: kuna damu? Kuna homa? Mkojo unachoma? Miguu ina ganzi? Maumivu yanakuja na kuondoka kwa zamu? Ukijibiwa ndiyo, ondoa mikono, mpeleke kwa mkunga na daktari. Semina ilipoisha tulipewa vyeti vikubwa kuliko madirisha yetu, na idara ikaandika neno ostiopathi kwenye kibao cha nje. Kwa miezi kadhaa watu walikuja kuuliza kama ni dhehebu jipya.

Kisha nikahamishiwa kituo kimoja cha afya upande wa Butiama. Ni huko nilikokutana na shida ambayo Mama Birgit hakuigusa, kwamba mimi ni mwanaume. Mama wa Kizanaki anayejiheshimu hatakubali mwanaume mgeni amshike nyonga kwa sababu tu amevaa koti. Wa kwanza alinitazama, akaitazama mikono yangu, akasema, "Daktari, wewe una watoto?" Nikasema ninao. Akasema, "Basi nenda kamshike mama yao," akachukua kadi yake akaondoka.

Nikatafuta njia nyingine. Nilitundika pazia. Mjamzito alilala upande mmoja na aliyemsindikiza, mimi nikakaa upande wa pili na mto. Nilionyesha kwa mto kupitia upenyo wa juu, na msindikizaji akafanya kwa mikono yake. "Weka ngumi katikati ya magoti yake. Abane polepole. Aachie. Sasa mikono yako nje ya magoti, asukume kutanua, wewe zuia, bila nguvu." Baadaye ilikuwa kukandamiza mifupa ya pembeni kwa viganja viwili, kama unafunga mlango bila kelele. Njia hii ilileta matokeo mazuri kuliko mikono yangu, kwa sababu tiba ilirudi nyumbani na mgonjwa. Lakini ilimtegemea msindikizaji. Akikosekana yeye, tiba haipo.

Hapo ndipo kampeni ilipotufikia. Iliitwa Baba Twende Kliniki, na nia yake ilikuwa njema. Mama akija na mwenza wake, atahudumiwa kwanza. Ikashuka ngazi moja, ikawa mama asiye na mwenza asubiri mwisho. Ikashuka nyingine, ikafika kwetu kwa Sista Kabula, mkuu wa kliniki ya mama na mtoto, ikiwa hivi: hakuna mwanaume, hakuna huduma. Sista Kabula hakuwa mtu mbaya. Kila wiki alipigiwa simu kuulizwa idadi ya wanaume, na hakuna aliyewahi kumpigia kuuliza idadi ya nyonga.

Wanaume wakaanza kuja. Tulishangaa wenyewe. Benchi la nje lilijaa akina baba watulivu, vijana, wenye jaketi nzito hata jua likiwaka. Mmoja wao, Marwa, alikuwa mwanafunzi bora niliyepata kumfundisha. Siku moja nilianza kumwelekeza kupitia pazia.

"Weka ngumi katikati ya—"

"Ya magoti, anabana polepole, anaachia," akamalizia. "Halafu nazuia kwa nje. Bila nguvu. Daktari, wewe kunywa chai tu, najua."

"Umejifunzia wapi?"

"Si hapahapa. Nakujaga sana."

Niliandika kwenye taarifa kwamba uelewa wa wanaume umeongezeka. Wakubwa walifurahi, wakanukuu.

Mjamzito aliyelala upande wa pili siku hiyo aliitwa Bhoke, msichana wa miaka ishirini na kitu, mpole, aliyeolewa kutoka upande wa Tarime. Alirudi baada ya majuma mawili akiwa hoi zaidi. Nilimwona kutoka dirishani, maana mafunzo ya Mzee Magesa hayakuniacha. Alishuka kwenye pikipiki ya Marwa kwa kuvuta mguu kwa mikono miwili, na alipokanyaga chini alifumba macho. Kutoka getini hadi chumbani alishikilia kila nguzo.

"Unafanya mazoezi nyumbani?" nikamuuliza.

"Nafanyaga mwenyewe. Naweka kopo magotini."

"Na mumeo je? Ana mikono mizuri kabisa."

Nyuma ya pazia nikasikia Marwa akikohoa, kisha akasema ana abiria anamsubiri, akatoka. Bhoke akaanza kulia, bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia karibu na watu wanaolala.

"Huyu si mume wangu," akasema. "Ni bodaboda. Sista hapokei mtu bila mwanaume, kwa hiyo tunakodishaga, aibu tunaimeza."

"Na mume wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anakamua. Mume wangu ni mama."

Mimi ni mtu wa Mara, sikuhitaji maelezo zaidi, lakini kwa ninyi mliotoka mikoa mingine nitaeleza. Mwanamke aliyefikia uzee bila mtoto wa kiume, mjane au aliyeachwa, anaweza kutoa mahari na kuoa mwanamke kijana. Tunaita nyumba ntobhu. Watoto watakaozaliwa ni wa huyo mama mwenye nyumba, wanabeba jina la nyumba yake na kurithi shamba lake. Kuhusu mimba inavyopatikana, hilo lina utaratibu wake na halikuwa kazi ya mtu wa nyonga.

Mume wa Bhoke alikuwa Bibi Nyangeta, mjane wa kitongoji kimoja nyuma ya Kiabakari. Na tatizo halikuwa yeye. Alikuwepo shemeji yake, Mzee Wambura, mdogo wa marehemu, ambaye kwa miaka alikuwa akilitazama lile shamba. Mzee Wambura alikuwa ameanza kusema hadharani kwamba Bhoke ni mvivu, kwamba anajifanya kuumwa, kwamba mwanamke asiyechota maji hajaolewa. Alikuwa ameitisha kikao cha ukoo ili msichana arudishwe kwao.

"Na kwenu ni wapi?" nikauliza.

"Baba ameoa mwingine. Chumba changu wamefugia kuku." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Daktari, nikirudishwa nitajifungulia wapi? Nifanye nini nisimame kabla ya kikao?"

Nikamwambia mambo mawili. Kwanza, asipande tena pikipiki. Tulikuwa tunamtibu asubuhi, halafu anakaa ametanua miguu juu ya mashimo ya barabara mpaka kwake, mara nyingine akiwa wa tatu, nyuma ya mtu na gunia. Pili, mara ijayo aje na mumewe wa kweli.

"Sista atakataa."

"Mwache akatae. Wewe njoo naye."

Walikuja siku ya kliniki, saa ya watu wengi. Kelele za mlinzi ndizo zilizonipeleka dirishani. Mkokoteni wa maksai wawili ulikuwa umeingia getini na kusimama chini ya kibao cha nafasi ya gari la mkuu. Juu yake kulikuwa na nyasi kavu, juu ya nyasi godoro, juu ya godoro Bhoke, amelala kwa ubavu na mto katikati ya magoti kama nilivyomwelekeza. Mbele alikuwa amesimama mwanamke mzee, mrefu, fimbo mkononi.

"Bibi, hapa panaegeshwa gari la mkubwa," alisema mlinzi.

"Mkubwa amekuja?"

"Bado."

"Basi hawa watamshikia nafasi."

Akamteremsha Bhoke, akamshika kwapani, wakaja hadi meza ya Sista Kabula. Benchi la akina baba lilikuwa limejaa. Nikatoka nje, nikajifanya natafuta kadi.

"Mwenza yuko wapi?" Sista Kabula aliuliza bila kuinua macho.

"Ndiye mimi."

Sista akainua macho. "Wewe ni mama mkwe."

"Mkwe wa nani, na mtoto wa kiume sina? Huyu nimemwoa mimi. Ng'ombe nimepeleka mimi. Mmoja alikuwa na pembe moja, baba yake akanung'unika, nikaongeza beberu. Sasa wewe mwanangu unaniambia mimi si mume?"

Watu wakacheka. Sista Kabula akakaza uso. "Bibi, mimi sikatai mila zenu. Fomu inataka mwanaume. Halafu huyu binti namkumbuka. Mume wake alishakujaga hapa, kijana, anaitwa Marwa." Akatupa macho kwenye benchi. "Si yule pale."

Kweli Marwa alikuwepo. Alikuwa amekaa karibu na mama mwingine, mjamzito, amemshikia mkoba.

"Marwa," Sista akaita. "Mke wako huyu hapa. Na huyo uliyekaa naye ni nani?"

Marwa akasimama polepole. "Sista, leo niko na huyu."

"Na yule?"

"Yule ilikuwa ile siku nyingine."

"We mura, una wake wangapi?"

"Sista, mimi ni dereva."

Kicheko kikapasuka kuanzia dirisha la dawa hadi getini. Lakini mimi nilikuwa namtazama Sista Kabula, na yeye alikuwa anatazama chini ya benchi. Chini ya benchi, nyuma ya miguu ya kila baba, kulikuwa na kofia ya pikipiki. Zilikuwa zimepangwa vizuri, zenye stika za timu za mpira. Akatazama kofia, akatazama rejista yake yenye idadi iliyokuwa ikisomwa kwenye vikao vya wilaya, akahesabu kitu kichwani. Angemfukuza Marwa kwa kutokuwa mume, benchi zima lingesimama na kuondoka, na kampeni ingeondoka nalo.

"Bibi, ingia na mke wako," akasema. "Daktari anawasubiri."

Tangu siku hiyo sikuandika tena habari za uelewa wa wanaume. Marwa sikumchukia. Alikuwa anafanya kazi ambayo sheria yetu ilikuwa imeianzisha, na aliifanya kwa nidhamu. Mke wake mwenyewe alipopata mimba, alikuja kliniki na dereva mwingine. Marwa alikuwa na abiria.

Nyuma ya pazia, Bibi Nyangeta alikuwa na shida moja: nguvu. Mikono iliyokamua ng'ombe maisha yote haijui kupapasa. Nilimwambia akandamize pembeni, na Bhoke akatoa sauti kama amekanyagwa.

"Mama, huyo si ndama," nikasema.

"Nimezoea wanaopiga mateke."

"Shika kama unapima joto la maziwa. Kiganja kikae kwanza. Msubiri apumue. Akitoa pumzi, ndipo ukandamize."

Akajaribu tena. Muda ukapita. Nikasikia Bhoke akivuta pumzi ndefu, ile inayotoka mtu akitua mzigo.

"Hapo," Bhoke akasema. "Hapohapo, mama. Usitoe."

"Kumbe," akasema yule bibi.

Nikampa maelekezo mengine, na yeye alikuwa akiyarudia kwa Kizanaki kwa sauti ya chini ili asiyasahau. Bhoke avae nguo amekaa. Akigeuka kitandani, magoti yageuke pamoja. Vyombo aoshe akiwa kwenye stuli. Asilime kwa kuinama. Kanga ifungwe chini, na afungwe na mtu, asijifunge mwenyewe. Na asibebe ndoo.

"Maji atachota nani?" Bibi Nyangeta akauliza.

"Kwa kawaida hapo huwa namtazama mume."

Akacheka kidogo. "Sawa. Mkokoteni upo."

Nimeona waume wengi wakiitikia sawa nyuma ya lile pazia, na sauti zao nazijua. Hii ilikuwa tofauti. Jirani mmoja aliyekuja kutibiwa bega alinisimulia kwamba Bibi Nyangeta ameonekana kisimani na maksai na madumu, na wanawake wa kisimani wamemtania mpaka wamechoka. Walimwuliza kama anafua pia nguo za mke wake. Aliwajibu kwamba anafua, akawauliza waume zao wana mikono mingapi.

Jumamosi ya kikao nilikuwa na ratiba ya kutembelea wagonjwa majumbani. Sitawadanganya kwamba ratiba ilijipanga yenyewe. Nilifika nikakuta wazee wamekaa uani kwenye mabenchi, Mzee Wambura katikati amevaa suti ya kanisani. Nikapewa kiti pembeni. Mgeni wa hospitali haondolewi, ila haulizwi neno.

"Sisi hatuna ugomvi," Mzee Wambura alikuwa anasema. "Tunaulizana tu. Huyu binti tulimleta afanye kazi ya nyumba. Leo nani analima? Nani anachota? Shemeji yangu ni mzee, anachunga mgonjwa. Hiyo ni ndoa? Mimi naona arudi kwao, akapumzike, tumtakie heri."

Wazee wakaitikia kwa vichwa kwa utaratibu, kama watu wanaosubiri chakula.

"Aitwe aje mwenyewe," mmoja akasema.

Bhoke akatoka ndani. Wengine hawakuona kitu, lakini mimi nilikuwa dirishani kwangu, hata kama dirisha halikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti ndani, karibu na mlango. Akaunganisha magoti, akaegemea mbele, akasimama bila kushika kitu. Akavuka uwanja. Hatua bado zilikuwa fupi, ila uso ulikuwa umetulia. Kanga ilikuwa imefungwa mahali pake, chini, na fundo lake lilikuwa la mtu anayefunga ndama. Akataka kupiga magoti kusalimia, akaanza kushuka kwa mguu mmoja.

"Usipige magoti," Bibi Nyangeta akamkatiza. "Salimia umesimama."

Mzee Wambura akageukia wenzake. "Mnaona? Hata kusalimia wazee amekatazwa. Kama ni mzima, achukue ndoo, aende kisimani arudi, tumwone."

Nilitaka kufungua mdomo. Bibi Nyangeta alinyoosha fimbo kidogo upande wangu bila kunitazama, nikaufunga.

"Maji yapo, shemeji," akasema. "Yamejaa. Amechota mume wake."

"Mume anachotaje maji?"

"Shemeji, mkeo alipokuwa na mimba ya Magoiga, akawa anatambaa kwenda chooni, mimi nilikuwepo. Nilimwona. Wewe ulimchotea maji?"

"Mimi ni mwanaume."

"Ulimsugua mgongo?"

"Nimesema mimi ni mwanaume."

"Basi nyamaza kidogo. Hapa wanaongea waume."

Mzee mmoja wa nyuma alicheka akajifanya anakohoa. Kisha kutoka jikoni, ambako wanawake wa ukoo walikuwa wanapika, ikasikika sauti ya mke wa Mzee Wambura. Hakutoka hata mlangoni. Alisema tu, "Nilitambaa miezi mitatu," akaendelea kukoroga. Baada ya hapo kikao hakikuwa na ajenda. Tulikula, Mzee Wambura akala kuliko wote, na habari ya kumrudisha Bhoke haikuwekwa tena mezani.

Kampeni ilifungwa majuma machache baadaye, kwa turubai, spika na mgeni rasmi kutoka wilayani. Palikuwa na tuzo ya Baba Bora, itolewe kwa mwenza aliyehudhuria mara nyingi kuliko wote na mke mmoja. Maneno ya mwisho yaliongezwa na Sista Kabula kwa kalamu, na mnajua kwa nini. Mkokoteni ulikuwa umeingia getini kila siku ya kliniki tangu ile ya kwanza. Rejista ikatoa jina, mgeni rasmi akalisoma: Nyangeta. Akasubiri mwanaume asimame. Akasimama bibi mrefu mwenye fimbo.

"Mama, tunamwomba baba mwenyewe," mgeni rasmi akasema kwenye spika.

"Ndiye huyo," umati ukajibu, na sauti ya kwanza ilikuwa ya Sista Kabula.

Mgeni rasmi akamtazama afisa wake, afisa akatazama karatasi. Kisha wakafanya lile ambalo ofisi hufanya inapokosa mwongozo, wakapiga picha. Zawadi ilikuwa jezi kubwa na kofia yenye maandishi BABA BORA mbele. Jezi alimpa mchungaji wake wa ng'ombe. Kofia alivaa.

Bhoke alijifungua kituoni kwetu, kwa mkunga, salama. Kwa wiki chache nyonga ilimsumbua, kisha ikaacha. Nilikwenda kuwaona kabla sijahamishwa tena. Bhoke alikuwa anaanua mtama, anainama kwa magoti na si kwa kiuno, jambo lililonifurahisha kuliko vyeti vyangu. Bibi Nyangeta alikuwa amekaa kwenye mkokoteni na kile kichanga mapajani, kofia yake kichwani. Mzee Wambura alikuwa amesimama kando, amekuja kutoa pole na hongera kwa pamoja.

"Mtoto gani?" nikauliza, maana nilikuwa sijaambiwa.

"Wa kike," Mzee Wambura akawahi kujibu, kwa huzuni iliyompendeza sana. "Mungu ndiye anayejua. Nyumba ilikuwa inataka kidume."

Bibi Nyangeta akamrekebisha mtoto kofia ya sufu, kisha akarekebisha ya kwake.

"Naye ataoa," akasema.